ALIYESHINDWA NAYE APEWE KITI

Nina jambo kifuani lililonikaa tangu muhula wa kwanza, nami nimeonelea nilitoe humu kabla halijaniozea.

Kuna methali moja ambayo kila mtu aijua, hata mtoto wa chekechea: asiyekubali kushindwa si mshindani. Tunaiandika katika insha, tunaipigia makofi katika mijadala, na kila uchaguzi unapokwisha watu wazima huitoa kabatini wakamvika aliyeshindwa. Sina ugomvi nayo. Lakini hebu niwaulize wenzangu: mbona aliyeshindwa ana methali yake na aliyeshinda hana? Nani humfunza mshindi namna ya kushinda? Maoni yangu, ambayo nitayatetea mpaka mwisho wa makala haya, ni kwamba mahali padogo, pawe ni darasa, klabu au kisiwa, uchaguzi haujakwisha matokeo yanapotangazwa. Umekwisha pale aliyeshindwa anapopewa kiti chake, tena akapewa kwa sheria, asipewe kwa hisani.

Nianze na langu mwenyewe, maana nyani haoni kundule. Mwaka huu tulichagua kiranja wa darasa kwa kura ya siri. Wagombea tulikuwa wawili, mimi na rafiki yangu wa tangu Kidato cha Kwanza. Mimi nakaa hapa hapa Makupa, yeye hutoka Changamwe. Kila jioni tulikuwa tukishuka pamoja hadi steji, tukichanga shilingi zetu na kununua viazi vya karai kwa ukwaju na pilipili. Kisha yeye alipanda matatu ya kuvuka ng'ambo, nami nikaingia vichochoroni kwenda kwetu. Hatukuwa na ubaya wowote.

Lakini kampeni ni kampeni. Sijui nani alianza, ila baada ya siku mbili darasa lilikuwa limepasuka katikati: "wa kisiwani" upande huu, "wa ng'ambo" upande ule. Ati sisi wa kisiwani twaringa. Ati wao wa ng'ambo kila asubuhi huchelewa. Maneno ya upuzi mtupu, lakini nami sikuyakemea, kwa sababu wa kisiwani walikuwa wengi kidogo na hesabu hiyo nilikuwa nimeshaifanya kichwani. Nakiri mbele yenu.

Siku ya kura mwanafunzi mmoja alikuwa nyumbani anaugua homa. Mwingine alichora mpira kwenye karatasi badala ya kuandika jina, kura yake ikaharibika. Zilizobaki zilikuwa 43. Mwalimu wa darasa alizihesabu mara tatu. Mimi 22, mwenzangu 21.

Nilibebwa juu juu hadi mlangoni. Mwenzangu naye akaambiwa ile methali yake, akanipa mkono, akaketi. Mimi sikuambiwa kitu.

Basi nikafanya nini na ushindi wangu? Nilipanga zamu za kufagia, na wa ng'ambo wakajikuta na Ijumaa mchana, wakati ambapo kila mtu ataka kwenda zake. Wakuu wa safu wote wakawa ni wale walioninadi. Daftari la wapiga kelele nikalishika mwenyewe, na ukilisoma leo utadhani nusu ya darasa letu ilizaliwa bila ulimi. Kufika wiki ya tatu, katika wale 21 hakuna aliyenisikiliza. Chaki zikipotea, hakuna aliyeona. Sakafu haikufagiwa siku mbili mfululizo, tukaadhibiwa sote 45, hata yule aliyekuwa mgonjwa siku ya kura. Jioni mwenzangu akaanza kushukia upande wa pili wa barabara. Viazi nilikula peke yangu, na wallahi havikuwa na ladha.

Mwalimu wetu wa Historia, ambaye habari za darasani humfikia kabla ya kengele kulia, hakutugombeza. Aliandika ubaoni mistari miwili:

11 kwa 11
18 kwa 18

Akasema, "Wa kwanza ni wa visiwa vya jirani zetu. Wa pili ni wa visiwa vya mbali. Nendeni mkaniletee habari zake." Akatoka. Nilikwenda maktaba, na niliyoyapata ndiyo haya.

Mstari wa kwanza ni wa Unguja na Pemba. Mnamo Januari 1961 Zanzibar ilikuwa bado chini ya ulinzi wa Mwingereza, nayo ikafanya uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti vya kugombewa vilikuwa 22. Afro-Shirazi Party, yaani ASP, ilipata 10. Zanzibar Nationalist Party, ambayo watu waliiita Hizbu, ilipata 9. Chama cha tatu, Zanzibar and Pemba People's Party, yaani ZPPP, kilipata 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika: wawili wakaenda kwa Hizbu, mmoja kwa ASP. Jumlisha mwenyewe, msomaji. 11 huku, 11 kule. Serikali haikuundika.

Sasa sikiliza hili. Katika jimbo la Chake Chake, kisiwani Pemba, ASP ilishinda kwa kura moja. Moja tu! Lau mtu mmoja angaliamka siku ile na moyo mwingine, Hizbu ingalikuwa na viti 10, na pamoja na wale wawili wa ZPPP wangalikuwa 12 dhidi ya 10. Kwa hivyo mkulima mmoja wa karafuu, au mvuvi mmoja, au mama mmoja mwenye kanga zake, ndiye aliyeusimamisha mzani wa nchi nzima, naye hata hakujua. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka ile karatasi ya darasani iliyochorwa mpira.

Uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo huo. Dawa iliyotolewa ilikuwa ya hesabu: likaongezwa jimbo moja, viti vikawa 23, nambari isiyogawanyika kwa mbili. ASP ikapata 10, Hizbu 10, ZPPP 3. Safari hii Hizbu na ZPPP walikuwa kitu kimoja, wakaunda serikali, na Mohammed Shamte wa ZPPP akawa Waziri Kiongozi. Serikali ilipatikana, lakini ghasia zilizozuka kwa sababu ya uchaguzi huo ziliua watu 68. Miaka miwili baadaye, Julai 1963, viti viliongezwa vikawa 31. ASP ilipata kura kupita nusu, kama 54 katika kila 100, lakini viti ikapata 13 tu. Hizbu na ZPPP wakawa na 18. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964, siku 33 baadaye, yakatokea Mapinduzi.

Mimi sitaki kuwa hakimu wa mambo hayo. Wazee wa pwani hii wangali wakibishana juu yake vibarazani hadi kahawa inapoa. Ninachokiona mimi, kwa akili yangu ya Kidato cha Tatu, ni hesabu. Mara mbili mfululizo, upande uliokuwa na nusu ya watu au karibu na nusu uliachwa nje ya mlango wa serikali, na hakuna aliyejiuliza nusu hiyo italala wapi. Waliongeza viti vya kugombewa. Kiti cha aliyeshindwa hawakukiweka.

Nilipomsomea nyanya habari hizi, aliacha kuchambua mchele. Nyanya ana ukoo wake Pemba. Akaniambia, "Hayo ya viti mimi siyajui, mjukuu wangu, nalikuwa mtoto. Nilijualo ni kuwa watu walisusiana. Duka la fulani hatununui, gari la fulani hatupandi. Hata mtu akifiwa, wa chama kingine hawendi kumzika. Kuzikana, mwanangu! Watu wa mtaa mmoja, msikiti mmoja."

Kisha akanihadithia ambayo aliyaona kwa macho yake. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2000 uliacha mzozo mkubwa, na Januari 2001 watu waliuawa kwa risasi katika maandamano. Zaidi ya watu elfu mbili wa Pemba walivuka bahari kwa vyombo vyao wakaja Shimoni, huku kwetu Kenya. Nyanya alijaza mkoba nguo na unga, akapanda gari hadi Shimoni kutafuta jamaa. Asema alimpata mmoja, ameketi chini ya mti na mtoto mgongoni, hana kitu kingine.

"Kisiwa ni kidogo," nyanya akaniambia. "Ukimshinda mtu kisiwani wampeleka wapi? Kesho asubuhi mwakutana kisimani."

Sikulala mapema usiku ule. Niliwaza juu ya mwenzangu anayeshukia upande wa pili wa barabara. Barabara yenyewe ni moja.

Haya, tuje kwenye mstari wa pili wa ubaoni. 18 kwa 18 ni matokeo ya Trinidad na Tobago, nchi ya visiwa katika bahari ya Karibea, karibu na pwani ya Venezuela. Wengi wa wananchi wake ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani, na wajukuu wa Wahindi waliopelekwa kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Kwa muda mrefu vyama vyao viwili vikubwa vimekuwa vikitegemea kila kimoja upande wake. Nadhani msomaji wa pwani hapo hahitaji kuelezwa zaidi.

Walipiga kura tarehe 10 Desemba 2001. Bunge lao lilikuwa na viti 36. Chama cha Waziri Mkuu Basdeo Panday, kiitwacho UNC, kikapata 18. Chama cha Patrick Manning, PNM, kikapata 18. Rais wao, Arthur Robinson, akamteua Manning awe Waziri Mkuu, na Panday hakuridhika hata kidogo. Bunge lilipokutana Aprili 2002 lilishindwa hata kumchagua Spika, na bunge bila Spika ni kama darasa bila mlango. Mwishowe wakarudi kwa wananchi Oktoba 2002, PNM ikapata 20 na UNC 16. Baadaye viti vikaongezwa vikawa 41, nambari isiyogawanyika kwa mbili. Dawa ile ile ya Zanzibar!

Lakini angalieni tofauti. Kule Trinidad walitupiana maneno makali karibu mwaka mzima, na hapakuwa na Juni 1961. Sababu ziko nyingi, na nyingine ni za wakati na historia. Moja niionayo mimi ni hii: katika katiba yao, Kiongozi wa Upinzani ni cheo kilichoandikwa. Ana jina lake, ana kiti chake bungeni, na mambo mengine hayafanyiki mpaka ashauriwe. Aliyeikosa serikali hakukosa kila kitu. Alijua kesho ataamkia wapi.

Na kiti hicho chaweza kukosa mtu wa kukikalia. Kisiwa kingine cha Karibea, Barbados, kilifanya uchaguzi tarehe 24 Mei 2018. Chama cha Mia Mottley kilishinda viti vyote 30. Vyote! Lakini kura zake zilikuwa kama tatu katika kila nne. Maana yake ni kwamba robo ya wapiga kura hawakupata hata mbunge mmoja wa kuwasemea. Ilibidi mbunge mmoja wa chama hicho hicho kilichoshinda, Joseph Atherley, atoke upande wa serikali siku chache baadaye akaketi upande wa pili, ndipo bunge likawa na Kiongozi wa Upinzani. Januari 2022 chama hicho kikashinda tena viti vyote 30. Ushindi mtamu, ndiyo, lakini mtu anayekula peke yake nani atamwambia chakula kimezidi chumvi?

Baada ya kusoma yote haya nilijiona mwerevu. Siku ya pili nikamfuata mwenzangu hadi steji, nikamwambia, "Ndugu yangu, njoo uwe naibu wangu. Nimeamua." Nilidhani atafurahi, labda hata aninunulie viazi.

Akanitazama akasema, "Sitaki kiti cha sadaka. Leo wanipa, kesho tukikosana wanipokonya. Kama ni haki yangu, iandikwe." Matatu yake ikaja, akapanda.

Nilisimama pale kama mlingoti. Niligundua kuwa hata wema wangu ulikuwa na kiburi ndani yake. "Nimeamua!" Nani aliniuliza niamue?

Mwenzangu hakuwa amesoma habari za maridhiano ya Zanzibar, lakini alisema jambo ambalo Wazanzibari walilipata kwa gharama kubwa. Uchaguzi wao wa vyama vingi wa 1995 ulitangazwa hivi: Salmin Amour wa CCM asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad wa CUF asilimia 49.8. Nchi nzima, tofauti haifiki nusu ya asilimia moja! Mshindi alichukua vyote, na ugomvi ukaendelea mpaka ukafika kwenye ile Januari ya Shimoni. Miafaka ikaandikwa na kuvunjika. Ndipo Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif wakakutana na kupatana. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na kama watu 66 katika kila 100 wakasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wagawanywe kwa kadiri ya viti. Oktoba mwaka huo Dkt. Ali Mohamed Shein akapata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1. Tofauti ilikuwa ndogo kama kawaida, lakini safari hii uchaguzi ulipita kwa amani, na Maalim Seif akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza. Hakwenda hapo kwa huruma ya mtu. Alipelekwa na kifungu cha katiba.

Hata hivyo, sitawadanganya kwamba kiti peke yake ni dawa ya kila ugonjwa. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa tume siku tatu baada ya kura, kabla matokeo yote hayajatangazwa. Ukarudiwa Machi 2016, CUF ikasusia, na kiti cha Makamu wa Kwanza kikakaa kitupu hadi Desemba 2020. Funzo lake ni kwamba kiti cha aliyeshindwa lazima kitanguliwe na hesabu ya haki. Huwezi kumnyima mtu kura zake kisha ukamkaribisha mezani.

Na sisi Wakenya tusiwacheke jirani. Sisi wa rika langu tulizaliwa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, lakini tumesimuliwa. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Kisha tarehe 28 Februari 2008 Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia saini mkataba, na kiti cha Waziri Mkuu kikatengenezwa ili Odinga akikalie. Kiti kilipatikana, msomaji, ila kilichongwa baada ya makaburi. Swali langu ni jepesi: mbona kiti kisichongwe mapema, kabla ya kura, wakati ambapo hakuna anayejua ni nani atakayekihitaji? Huo ndio wakati ambapo kila fundi atakichonga vizuri, maana huenda akakikalia yeye.

Najua wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema fahali wawili hawakai zizi moja. Nawajibu kwamba sisi si ng'ombe. Tena zizi lenyewe ni hilo hilo moja, hakuna jingine. Wale 21 hawakuhamia shule nyingine baada ya kushindwa. Walibaki madawatini mwao, na mimi nilihitaji wafagie.

Wa pili wana hoja nzito zaidi, nami niliisikia kwa mwalimu mwenyewe nilipompelekea kazi yangu. Alisema, "Ukimpa kila mtu cheo, nani atakukosoa? Wote mtakuwa mwala sahani moja." Hoja hiyo ilinisumbua siku nyingi, maana ndiyo ile chumvi ya Barbados. Jibu nililolipata ni kuwa aliyeshindwa asipewe kiti cha kula. Apewe kiti cha kuchunga. Katika mabunge mengi ya nchi za Jumuiya ya Madola, kamati inayokagua fedha za serikali huongozwa na mbunge wa upinzani. Aliyeshinda ashike fedha, aliyeshindwa ashike hesabu za fedha. Hapo atakuwa ndani ya nyumba, na macho yake yatakuwa wazi.

Basi nimeandika barua kwa mwalimu wetu wa darasa, na kwa walezi wa klabu hii yetu ya Kiswahili, nikapendekeza mambo matatu. Kwanza, kura zote zihesabiwe mbele ya wapiga kura, na kila mgombea awe na wakala wake mezani. Pili, mgombea wa pili akipata angalau thuluthi moja ya kura, awe naibu papo hapo, bila kuombwa wala kuomba. Tatu, naibu huyo ndiye atakayeshika daftari la wapiga kelele na daftari la pesa za darasa, na kiranja asiwe na ruhusa ya kuyagusa. Barua yangu haijajibiwa. Nimeambiwa itajadiliwa kabla ya uchaguzi ujao, nami nawaomba ninyi mnaosoma makala haya muinue mikono siku hiyo. Msinionee haya. Huenda mwakani nikawa mimi ndiye mwenye 21.

Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangwa Agosti 2027, na siku hiyo mimi sitakuwa nimetimiza miaka 18. Nitawatazama tu wakubwa wakipanga foleni. Lakini nadhani nchi hujifunza uchaguzi darasani kabla ya kuufanya vituoni. Kama mimi nikiwa na miaka 16, kwa kura moja tu na kwa cheo kisicho na mshahara, niliweza kuwapangia wenzangu Ijumaa zote, je, ningalipewa nchi?

Nimalize kwa habari ya mwenzangu. Wakati tunangoja jibu la barua, nilimpelekea lile daftari la wapiga kelele mbele ya darasa lote, nikasema halitarudi mikononi mwangu mwaka huu. Alilipokea. Hakunishukuru, na sikungoja anishukuru. Kesho yake somo la Hisabati lilichelewa kuanza, nami nikageuka nyuma kuzungumza na jirani yangu kama nilivyozoea. Jina la kwanza aliloliandika humo lilikuwa langu.

Ijumaa hiyo nilifagia. Nilipotoka nje na vumbi hadi kwenye nyusi, nilimkuta amesimama langoni, ameshika karatasi ya viazi.

Aliyeshindwa naye apewe kiti. Kalamu yangu naiweka chini.

(Mwandishi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu na mwanachama wa klabu.)